Rangi ya Modeli ya Gari Isitoke Kama Ganda la Chungwa: Mwongozo Kamili

Kila juma naletewa picha ileile. Gari ni jingine, mkono ni mwingine, lakini kasoro ni moja: bodi imejaa vijibonde kama ganda la chungwa, rangi imechuruzika kwenye boneti, na mistari ya milango imezibwa kabisa. Chini ya picha kuna swali: ninunue rangi gani? Karibu kila mara rangi haina kosa. Kosa lilifanyika siku mbili kabla ya kopo kutikiswa.

Hapa tutafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: Toyota HiAce ya plastiki, uwiano wa 1:24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi), igeuke matatu ya abiria 14, nyeupe yenye mstari wa manjano. Nimeichagua kwa sababu nyeupe na manjano ndizo rangi zinazowatesa wanaoanza, na kwa sababu kila mtu Nairobi anaijua matatu halisi kwa macho. Kasoro haina pa kujificha. Ukiimudu hii, Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, kama zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, haitakusumbua.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujaanza

Seti ya modeli. Aoshima ya Japani hutengeneza HiAce ya 1:24. Gari halisi lina urefu wa mita 4.695, kwa hiyo lako litakuwa na sentimita 19 na nusu hivi.

Msasa wa maji namba 400, 800, 1000 na 2000. Hardware yoyote ya mtaani itakuwa nao, ila namba 2000 utaipata kwa urahisi zaidi kwa wauzaji wa rangi za magari, Kirinyaga Road au Industrial Area.

Praima nyeupe ya plastiki (rangi ya msingi), rangi nyeupe, rangi ya manjano na klia (rangi angavu ya kufunika juu), zote za kopo la kupuliza na zote za familia moja. Usichanganye. Rangi ya laka ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta, ile ya chini hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, ile wanayovaa mafundi wa rangi, pamoja na glavu. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu. Mvuke wa thina hupita kana kwamba hujavaa kitu.

Vitu vya nyumbani: sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu, henga ya waya, katoni kubwa ya supamaketi, beseni safi, wembe, sindano, penseli, koleo ndogo ya kukatia nyaya, gundi ya plastiki na gundi nyeupe ya karatasi. Ongeza tepu ya karatasi ya mafundi rangi na tepu ya umeme.

Sasa onyo ambalo lingeniokolea gari langu la pili. Plastiki ya modeli ni polistirini, na thina ya magari huila. Niliuzwa chupa ya thina dukani nikaambiwa ni ya kila kitu. Nikaichanganya na rangi, nikapuliza paa la gari bila praima, nikaenda kula. Niliporudi paa lilikuwa limelegea katikati kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na mifereji ya maji ya mvua juu ya milango imeyeyuka. Tangu siku hiyo kila kimiminika kipya nakijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki inayoshika vipande. Fremu ni plastiki ileile ya bodi, na mwisho wake ni pipa la taka. Tia tone, ngoja dakika 10, kwaruza kwa ukucha. Ikinata au ikiwa laini, hicho si cha modeli.

## Hatua ya 1: Unganisha bila gundi

Kata vipande kwa koleo ukiacha kijikia kidogo, kisha kipunguze kwa wembe na msasa. Ukikata karibu mno plastiki hunyofoka na kuacha shimo.

Shika bodi, chesisi na vioo kwa vipande vya tepu uone kama vinakaa. Afadhali ujue sasa kwamba kioo cha mbele hakiingii, kuliko kuja kukisukuma baada ya rangi na kupasua kazi ya wiki mbili.

Halafu kuna jambo ambalo karibu wote hulikosa. Nafasi kati ya mlango na bodi ya gari halisi, tuseme ni milimita 5. Kwa 1:24 hiyo ni milimita 0.2 tu. Praima, rangi na klia zote zitateremka humo, na ukimaliza gari litaonekana kama sabuni iliyochongwa. Kwa hiyo chimba mistari yote ya milango kabla ya rangi: pitisha ncha ya sindano polepole, bila kukandamiza, mara nne au tano. Anza ndani ya mstari ili sindano isiteleze nje.

*Umefaulu ikiwa* sindano inatembea kutoka juu hadi chini bila kuruka.

## Hatua ya 2: Osha, piga msasa, osha tena

Bodi ilitoka kwenye kalibu, na kalibu huacha mafuta. Vidole vyako navyo vimeongeza yake. Rangi ikikutana na mafuta hujikunja na kuacha vitobo vidogo kama macho ya samaki. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki, suuza, iache ikauke yenyewe. Usiipanguse kwa taulo, utaipandikizia nyuzi.

Sasa tafuta mshono wa kalibu. Huwa unapita juu ya matao ya magurudumu na kwenye kona za paa, mwembamba kama unywele. Usiutafute kwa macho. Fundi mmoja wa rangi za magari pale Kariobangi alinifundisha kufumba macho na kupitisha ncha ya kidole taratibu, na nilishangaa jinsi kidole kinavyogundua kile ambacho taa kali haikunionyesha. Ukiupata, ufute kwa namba 400 yenye maji, kisha 800, kisha bodi nzima kwa 1000 hadi mng'ao wote wa plastiki ufe. Plastiki inayong'aa haina mahali pa praima kushika.

Osha tena. Kuanzia hapa usiguse bodi bila glavu.

*Umefaulu ikiwa* bodi nzima imefifia sawasawa, na maji yanatandaa juu yake badala ya kukusanyika matone.

## Hatua ya 3: Chagua saa na mahali

Nimeona modeli nyingi zikiharibiwa na hali ya hewa kuliko na mkono mbaya. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hewa imejaa unyevu. Ukipuliza laka, baridi ya thina inayoruka huvuta unyevu huo juu ya rangi, na klia hutoka na ukungu mweupe. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu, rangi huwa nzito, hukauka polepole na kukusanya vumbi. Januari na Februari kumekauka, vumbi limetawala, na matone ya rangi hukauka hewani kabla ya kufika kwenye bodi.

Kwa hiyo piga rangi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua wala upepo. Kukinyesha, acha. Modeli haina haraka.

Mahali: balkoni ni nzuri ikiwa haina upepo. Laza katoni kwa ubavu iwe kibanda kidogo, nyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, ngoja robo saa. Ukilazimika kuwa ndani, fungua madirisha yote. Usipulize jikoni kwenye meko ya gesi, wala karibu na jiko la makaa au kitu chochote chenye moto. Mvuke wa rangi hushika moto. Watoto na mama mjamzito wasiwe kwenye chumba hicho mpaka harufu iishe.

Kunja henga ya waya iwe mpini, ifunge kwa tepu ndani ya bodi, uweze kuizungusha bila kuigusa.

## Hatua ya 4: Praima

Weka kopo kwenye maji yenye joto la kumwogeshea mtoto, kwa dakika 5 hadi 10. Joto hulegeza rangi na kuongeza msukumo, matone yakatoka madogo. Kopo lisiwekwe kwenye maji yanayochemka, wala juu ya jiko, litapasuka. Likaushe nje vizuri, maana tone la maji likidondoka kwenye rangi mbichi umerudi mwanzo. Litikise dakika mbili kamili.

Umbali ni sentimita 15 hadi 20, upana wa kiganja kilichotanuliwa. Anza kubonyeza kabla ya bodi, pita juu yake kwa mwendo mmoja, achia baada ya kuivuka. Ukianzia juu ya bodi, tone kubwa la mwanzo litatua papo hapo na kuchuruzika. Ukiwa mbali mno, matone hukauka njiani na kutua kama mchanga, na hilo ndilo ganda la chungwa. Ukiwa karibu mno, rangi hufurika.

Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe wa kunyunyiza tu, plastiki ionekane bado. Utatamani kuongeza kidogo, usiongeze. Ngoja dakika 15. Mkono wa pili ufunike zaidi, wa tatu umalize. Funika bodi kwa beseni ili vumbi lisitue, iache hadi kesho.

Praima itakuonyesha mikwaruzo ambayo hukuiona. Hilo ni jema. Jaza kwa fila (lahamu ya kuziba mashimo), piga msasa namba 1000 wenye maji, gusa tena kwa praima.

*Umefaulu ikiwa* bodi ina rangi moja isiyong'aa na mistari ya milango bado ni mirefu kwenda chini.

## Hatua ya 5: Nyeupe

Nyeupe haina nguvu ya kufunika. Ndiyo maana watu huipuliza nene, na ndiyo maana huchuruzika. Ipe mikono mitano myembamba badala ya miwili mizito, dakika 15 kati ya mmoja na mwingine. Miwili ya kwanza itaonekana na mabaka, kubali. Mkono wa mwisho peke yake ndio uwe na unyevu kidogo. Ukiinamisha bodi kwenye mwanga uone rangi inameta kama maji, simama hapo hapo.

Ukichanganya mwenyewe kwa eabrashi (bunduki ndogo ya kupulizia rangi), tia tone la krimu au kijivu ndani ya nyeupe. Nyeupe tupu kwenye kitu kidogo huumiza jicho na kukipa sura ya kifaa cha kuchezea. Hakuna matatu iliyo nyeupe hivyo Nairobi, hata iliyotoka kuoshwa.

Sasa kausha. Kukauka kwa kidole si kukauka. Baada ya saa 48 inuse bodi kwa karibu. Kama bado inanuka thina, thina bado inatoka, na ukibandika tepu itaacha alama. Funika, rudi kesho.

## Hatua ya 6: Mstari wa manjano

Hapa ndipo gari linageuka kuwa matatu, na hapa ndipo mstari unapotoka umepinda.

Nenda stejini upime mstari wa gari halisi na kimo chake kutoka chini, kwa ruhusa ya dereva. Gawa kwa 24. Mstari wa sentimita 15 unakuwa milimita 6.25.

Usichore kwa rula, kwa sababu ubavu wa bodi umepinda. Iweke bodi juu ya kioo au meza iliyonyooka. Panga vitabu vyembamba hadi kimo unachotaka, lalisha penseli juu yake kichwa kikitokeza, kisha sukuma vitabu vyote kuzunguka gari. Penseli haipandi wala haishuki, na alama hafifu itazunguka bodi nzima kwa kimo kimoja. Rudia kwa ukingo wa pili.

Bandika tepu ya umeme iliyokatwa nyembamba kwenye ukingo wenyewe, maana inanyumbulika na ukingo wake ni safi, kisha tepu ya karatasi na gazeti kufunika kwingine kote. Sukuma tepu ndani ya mistari ya milango kwa kijiti cha meno; rangi hupenya hapo kuliko popote.

Kisha puliza nyeupe kidogo kwenye ukingo wa tepu kabla ya manjano. Kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayopenya na kuuziba, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Manjano ikija inakuta mlango umefungwa. Tangu nianze kufanya hivi sijawahi tena kurekebisha ukingo kwa brashi.

Manjano mikono mitatu myembamba. Baada ya nusu saa hivi toa tepu polepole, ukiikunja irudi yenyewe nyuma badala ya kuivuta juu. Ukingoja hadi kesho, rangi huvunjika ukingoni kama ganda la yai.

*Umefaulu ikiwa* ukitazama ubavu kwa jicho moja, toka taa ya mbele hadi ya nyuma, mstari haupandi wala haushuki.

## Hatua ya 7: Maandishi na klia

Karatasi ya stika za kuloweka huuzwa kwa ajili ya printa. Printa za kawaida hazichapi nyeupe, lakini sisi tunataka herufi nyeusi juu ya manjano, kwa hiyo hakuna shida: namba ya njia, 46 ya Kawangware au 111 ya Ngong, na idadi ya abiria. Puliza klia kidogo juu ya karatasi kabla ya kuiloweka, la sivyo wino wa printa utayeyuka majini.

Klia ya bodi ni mikono mitatu. Wa kwanza uwe ukungu tu, kulinda stika. Klia nzito huzikunja. Kaa mbali na klia ya gari yenye hadina (kemikali ya kuigandisha). Inang'aa, najua, lakini ina isosianati ambazo huharibu mapafu, na mafundi wanaojilinda huvaa barakoa inayoletewa hewa kwa mpira. Hiyo si ya balkoni.

Ipe wiki nzima. Ikiwa bado kuna vijibonde, tia tone la sabuni kwenye maji na upitishe msasa namba 2000 taratibu, ukiacha kingo na mikunjo, maana huko rangi ni nyembamba na utaitoboa. Maliza kwa kompaundi ya kung'arisha magari kwenye kitambaa laini. Mng'ao ukishatosha, acha. Gari la 1:24 lenye mng'ao wa kioo huonekana kama pipi.

## Hatua ya 8: Vioo, matairi, raba

Haya ni ya haraka. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe. Supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu kwenye plastiki angavu, na haufutiki. Raba za madirisha zipake nyeusi isiyong'aa. Matairi yapigwe msasa namba 400 pale yanapogusa barabara, kisha yapakwe kijivu kizito. Tairi jeusi tii ni la gari la duka.

## Hatua ya 9: Udongo, na udongo wa wapi?

Usichukue udongo nje na kuupaka. Chembe ya nusu milimita, kwa uwiano wetu, ni kokoto ya milimita 12. Tumia chaki za pasteli: zisugue kwenye msasa zipate unga, uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni, upake kwa brashi laini.

Rangi ya unga lazima ijue gari linakwenda wapi. Matatu ya Kangemi na Wangige hupita kwenye udongo mwekundu, na wekundu huo hukaa nyuma ya magurudumu na kwenye mlango wa nyuma. Ya Embakasi na Njiru hubeba tope la udongo mweusi, ambalo likikauka huwa kijivu kilichofifia. Nimeona modeli nzuri ya gari la Embakasi ikipakwa vumbi jekundu, na mtu wa Eastlands aliitambua kabla hajaishika.

Vumbi hutua juu ya bampa, chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Karibu na mpini wa mlango wa abiria weka alama za mikono ya makanga: gusa kwa kipande cha sponji chenye kahawia hafifu kiasi kwamba huna hakika kama ipo. Funga yote kwa klia isiyong'aa, ukungu mmoja tu.

## Ikiharibika

Usiitupe. Laka au rangi ya mafuta hutoka kwa maji ya breki: loweka bodi kwenye chombo chenye kifuniko, uiangalie kila saa chache, na isizidi usiku mmoja, maana ikikaa siku nyingi plastiki inaweza kuwa dhaifu. Glavu ni lazima, na usiyamwage kwenye sinki. Yapeleke gereji yakatupwe pamoja na yao. Akriliki huachia kwa Dettol isiyochanganywa na maji. Sugua kwa mswaki na suuza kwanza kwa Dettol yenyewe, ndipo sabuni na maji. Ukitangulia na maji, rangi hugeuka ulimbo unaonata kila mahali.

Kisha rudi Hatua ya 2.

## Kuipima

Itoe nje saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, iweke juu ya kipande cha lami au bamba la saruji, jua likitoka upande mmoja. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Gawa kwa 24 upate karibu sentimita 6.7. Inua kamera ya simu kimo hicho, si zaidi, kisha piga picha ukiwa umesogea nyuma kidogo. Uniletee hiyo.